Idadi ya Maskini: Hakuna

Kijiji chetu hakikuwa na maskini hata mmoja. Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeandika, kwa mkono wangu, na muhuri nikagonga. Jina langu Eliki, mtendaji wa kijiji cha Naluvea. Si chifu, chifu wetu anaishi Suva, mji mkuu, na huja Krismasi. Mimi ni yule anayesoma barua za serikali mbele ya watu, anayepiga filimbi siku ya kufyeka nyasi, na ambaye akishakunywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, bakuli la tatu huwakumbusha wenzake kwamba kazi yake ina muhuri.

Fomu ilikuja na boti ya Jumanne. Serikali ilikuwa inajaribu mpango mpya: kuwapa watu maskini fedha kila mwezi, kwa miaka miwili, bila masharti yoyote. Swali la kwanza lilikuwa: idadi ya maskini kijijini. Nikaandika: hakuna.

Usinicheke kwanza, utanicheka vizuri baadaye. Kwetu neno la maskini linakaribiana sana na neno la majivu. Ukimwita mtu hivyo ni kama umesema jiko lake limezimika na hakuna ndugu wa kumpa kaa la moto. Sasa Naluvea nani hana ndugu? Ardhi ipo, bahari ipo, majimbi yanaota hata usipoyaangalia. Kweli, shemeji yangu Taraivini alikuwa na shida zake, lakini ningemwandikaje majivu? Tena chini ya muhuri wangu?

Baada ya mwezi fomu ikarudi na barua juu yake. Barua ilisema kwa adabu kwamba vijiji arobaini vimejaza fomu, thelathini na tisa vimeandika "hakuna", na cha arobaini kimeandika "ulizeni kijiji cha jirani". Kwa hiyo ofisi itamtuma mpimaji. Kila kijiji kichague nyumba moja. Mpimaji ataipima nyumba hiyo kwa mashine, na ataipima pia nyumba ya mtendaji, kwa ajili ya kulinganisha. Nafasi ni moja tu kwa kijiji. Itakayoangukia chini ya mstari itapata. Zikianguka zote mbili, iliyo chini zaidi.

Niliisoma barua ukumbini, nimevaa sulu yangu ya kanisani, shuka la kufunga kiunoni, na mkanda.

"Nyumba moja?" akauliza Inoke, mhubiri wetu, mtu mwenye kofia ya majani ambayo haivui ila kwenye maombi. "Tuko nyumba thelathini na mbili. Waambie wagawe mara thelathini na mbili."

"Imeandikwa hapana. Ni ya maskini tu."

"Na nani atasimama hapa aseme mimi ndiye? Wewe utasimama?"

"Mimi nina muhuri."

"Muhuri unapikwa na tui?" Huyo alikuwa Losalini, mke wangu, kutoka nyuma alikokaa na wanawake. Ukumbi ukacheka, na mimi nikaikunja barua taratibu kama mtu ambaye hajasikia.

Tukaanza kuupima mpango wenyewe. Mmoja alisema hauna maana, kwa sababu atakayepata leo sisi wengine tutamwendea kesho kumwomba, na kwetu anayeombwa na ndugu hakatai. Itakuwa tumepewa wote, ila kupitia mlango wa mtu mmoja. Inoke akasema basi si vibaya, lakini huyo mtu atachoka na hodi. Mwingine akasema ukimtenga mtu na kumlipa kwa umaskini wake, umempaka rangi usoni. Tulibishana mpaka mashine ya taa ya ukumbini ikaanza kulalamika. Mwisho Losalini akasimama.

"Mnazungukazunguka nini? Mguu wa Taraivini unanuka," akasema.

Taraivini ni mjane wa kaka yangu Manasa. Ana kisukari, na chini ya mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kilichogoma kupona. Hospitali iko ng'ambo, mwendo wa saa mbili kwa boti ya injini, na daktari alitaka akisafishe kila baada ya wiki mbili. Alimwambia bila kuficha kwamba asipokwenda watamkata juu ya kifundo. Kijiji kilimchangia mafuta ya boti mara tatu. Mara ya nne hakuja kuomba. Kuomba kwetu si aibu, lakini yeye aliwaona wale anaowaomba wakihesabu, akaamua kukaa nyumbani na majani ya dawa.

Tukakubaliana jina lake pale pale. Inoke akatuapisha wote kwamba hiyo itakuwa fedha ya mguu, na hakuna atakayeigusa wala kuiomba. Nilitoka ukumbini nimevimba kwa fahari. Nilijiona nimelimaliza jambo kubwa la serikali kwa nusu siku.

Taraivini hatukumwambia kwa nini. Nilimwambia tu kwamba mgeni wa serikali atafikia kwake. Akanijia siku ya pili, anatembelea kisigino, mguu ameufunga mfuko wa plastiki.

"Wewe Eliki, una akili kweli? Mgeni wa serikali, unaniletea mimi? Nitamkalisha wapi, kwenye tumbo lako?"

"Tumbo langu limejaa, shemeji. Tutakutafutia mikeka."

"Nina mkeka mmoja. Na huo Manasa aliuchoma na sigara."

"Niachie mimi," nikasema.

Hayo maneno mawili, niachie mimi, ndiyo yaliyonifikisha hapa. Nyumba ya Taraivini ilikuwa ya mbao, chumba kimoja, na tangu kimbunga kilipoondoa nusu ya bati alikuwa chini ya turubai la buluu. Ndani kulikuwa na mkeka ule, sufuria, vikombe viwili na Biblia. Mtu yeyote mwenye akili angeiacha hivyo hivyo. Mimi nikaenda nyumbani nikaanza kukunja mikeka yetu.

"Unapeleka wapi?" akauliza Losalini.

"Kwa Taraivini. Mgeni hawezi kukaa kwenye mbao."

"Na viti?"

"Na viti."

"Eliki, hiyo mikeka ya pindo la sufu ya rangi nilisuka miaka miwili. Na mgeni akija hapa?"

"Hapa atapita tu. Ni kulinganisha."

"Sisi tutabaki na nini?"

"Tutabaki na heshima."

"Heshima ina miguu minne? Tutaikaliaje?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimebeba kitanda. Nilipeleka mikeka sita, viti vinne na meza yake, taa ya jua, redio, kabati la vioo pamoja na vioo vyake, na picha ya harusi yetu, kwa sababu ukuta ulionekana mtupu. Taraivini akasimama mlangoni akitazama nyumba yake ikinenepa.

"Shemeji," akasema, "ningejua kuna siku nitakaa hivi, ningeugua zamani."

Mpimaji alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, anaitwa Sulueti, na tableti ameikumbatia kifuani. Tulimpokea nyumbani kwa Taraivini. Akatoa fungu lake la mizizi ya yaqona, kama inavyopasa, akataja anakotoka. Alipotaja tu, nyumba ikapasuka kwa kelele. Alikuwa mtu wa milimani, wa upande ule ambao mababu zao na mababu zetu walikuwa watani. Mtani akiingia kwako anaweza kuchinja kuku wako bila kuuliza. Chochote atakachokitaka anachukua, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

"Mungu wangu!" wanawake wakapiga kelele. "Serikali imetuletea mwizi!" Wakampaka poda, kama tunavyompokea mgeni wa furaha, mashavuni na kichwani mpaka akafanana na muoka mikate.

"Kumbe ndiyo nyinyi watu wa baharini," Sulueti akasema, anajifuta macho. "Bibi yangu aliniambia nikija huku nipumulie mdomo, kwa harufu ya samaki."

"Bibi yako alitoroka na mmoja wetu, usilisahau hilo!" akajibu Taraivini.

Sulueti akanyoosha mkono, akaivua kofia ya Inoke kichwani mwake, akaivaa. Inoke akabaki na upara wake. Tulicheka mpaka yaqona ikamwagika.

Kisha akaanza kazi. Maswali thelathini na moja. Nilikaa karibu, nimenyoosha mgongo, na kila alipouliza nilijisikia fahari.

"Mama, viti hivi vinne?"

"Kaa tu, mwanangu, kalia chochote."

"Redio inafanya kazi?"

"Inaimba vizuri mno."

"Kwa wiki, unakula samaki au nyama mara ngapi?"

"Kila siku," akasema Taraivini, ambaye wiki ile alikuwa amekula majani ya majimbi na chumvi. Mgeni huwezi kumwambia una njaa. Ataona unamwambia aondoke.

"Una ugonjwa wowote?"

Akavuta sulu yake, akafunika mguu. "Hatujambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Mimi, mtendaji, niliyeijua kweli yote, nilipiga makofi. Nilikuwa nimelewa pongezi. Wanawake walikuwa wakininong'oneza kwamba nyumba imependeza, na mimi nikawa natikisa kichwa, huku yule msichana akibonyeza kioo chake: kitanda, kabati, taa.

Halafu tukaenda kwangu. Kuku alikuwa amelala katikati ya chumba. Losalini alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono kifuani, na hakuinuka.

"Samani?" akauliza Sulueti kwa sauti ndogo.

"Muulize mtendaji," akasema mke wangu.

"Zipo," nikasema. "Zimetoka kidogo."

Sulueti aliniangalia kwa huruma, kama ambavyo nadhani huwaangalia walevi wanaouza vyombo vya ndani. Hakuuliza tena. Akapiga picha ya kuku. Jioni akapanda boti akiwa na kofia ya Inoke kichwani, na hatukuiona tena.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Niliita mkutano, nikavaa mkanda, nikafungua bahasha mbele ya kijiji kizima, kwa sababu napenda kufungua bahasha mbele ya watu. Nikasoma kwa sauti ya kanisani.

"Kaya ya Taraivini, mjane: pointi sitini na nane. Hali ya wastani, juu. Haistahili. Kaya ya..." Nikasimama.

"Soma," akasema Losalini.

"Kaya ya Eliki, mtendaji: pointi kumi na moja. Hali duni kabisa. Inastahili."

Ukumbi ukalipuka. Inoke alijitupa chini kabisa, upara na vyote. Kuanzia siku ile jina langu likawa Mzee Majivu. Watoto waliniita hivyo njiani, na mke wangu aliniita hivyo mezani, ambako sasa kulikuwa na meza tena.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Taraivini. "Wastani, juu!" alikuwa akisema, anapangusa machozi. "Mmenisikia, jamani? Juu! Nitawachangia nyinyi." Alicheka mpaka mlangoni. Halafu nikamwona akishuka njiani peke yake, anakanyagia kisigino, anapumzika kila baada ya hatua chache na kushika miti. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeloa. Hapo ndipo kicheko kilinitoka mwilini chote, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku tuliyomzika baba. Nilikuwa nimemnyang'anya mguu wake kwa viti vinne na picha ya harusi.

Nikapata wazo, maana mimi sikosi mawazo. Nikamwendea.

"Shemeji, fedha nitapokea mimi, nitakuletea wewe yote. Kila mwezi."

Alikuwa akimenya muhogo. Nyumba yake ilikuwa imerudi kama zamani, mkeka wa sigara na vikombe viwili. Ilinuka, na si muhogo.

"Miezi mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Kwa hiyo nikushukuru mara ishirini na nne. Mguu utapona, shingo itakatika kwa kuinama. Hapana, Mzee Majivu. Hiyo ni ya maskini, na mimi nimeandikiwa wastani."

"Taraivini, nesi wa zahanati anasema nini?"

Akachukua kipande kingine, akaendelea kumenya. "Anasema mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo nisije kumsumbua, niende moja kwa moja wakakate."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na sita.

Mtandao wa simu kwetu unashikika mahali pamoja, juu ya tangi la maji la kanisa. Nikapanda, na sulu yangu, na umri wangu, nikampigia Sulueti. Nikamweleza yote: mikeka, kitanda, kuku.

"Mtani," akasema, "watu wa baharini mna akili gani?"

"Ndogo. Andika hivyo."

"Naweza kurudia kipimo. Nitapita Alhamisi ijayo. Lakini nisikilize: naandika ninachokikuta. Kama kiti kipo ndani, nakihesabu. Nikiandika nisichokiona wananifukuza."

"Utakuta nyumba tupu. Nakuapia."

Nikashuka tangini nikijiona nimelitengeneza. Alhamisi ikafika. Asubuhi nilihakikisha kwangu kila kitu kiko mahali pake, mikeka, kitanda, hata picha. Sulueti alianza kwangu, akapima, akatikisa kichwa.

"Arobaini na tatu," akasema. "Mstari ni arobaini. Pole, umepona umaskini."

Tukaenda kwa Taraivini, mimi nikiwa mbele, mwepesi kabisa. Nikafungua mlango.

Kulikuwa na mikeka saba. Kulikuwa na viti vya kanisa, vya plastiki, sita. Kulikuwa na taa ya nyumba ya Inoke, redio ya mwalimu, pazia la maua na birika la chai jipya. Taraivini alikuwa amekaa katikati, amevaa gauni la Pasaka, ua sikioni, mguu umefichwa. Wanawake wa kijiji walikuwa nje dirishani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniangalia usoni. Alikuwa amewaomba, na kwetu anayeombwa hakatai.

"Umefanya nini?" nikamnong'oneza.

"Mgeni anakuja," akajibu kwa sauti ya kawaida. "Ulitaka nimkalishe kwenye mbao? Mara ya kwanza alikaa kwenye mikeka, leo akae kwenye mbao, atasema alinikosea nini?"

"Mguu, Taraivini!"

"Mguu ni wangu. Mgeni ni wa kijiji."

Nikageuka kwa Sulueti nimwambie kwamba hata kimoja si cha Taraivini. Nilifungua mdomo. Taraivini akaniangalia, na yale macho yalisema waziwazi: ukiniaibisha mbele ya mgeni ndani ya nyumba ya kaka yako, usinijie tena hata msibani. Nikaufunga mdomo. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema kwenye mkutano wowote, nikakaa chini, nikatazama mikono yangu. Nilitaka kulia.

Sulueti alikaa mkekani. Akapewa chai ya mchaichai na mandazi, akala, akasifu. Tableti ilikuwa magotini pake, haijawashwa. Alizungusha macho polepole, kwenye viti, kwenye pazia, juu kwenye turubai la buluu lililokuwa likipumua na upepo, kisha chini, kwenye gauni la Pasaka, pale harufu ilipokuwa inatoka licha ya ua na chai.

"Mtani," akasema, "mkeka huu mzuri."

"Asante, mwanangu."

"Basi nauchukua."

Nje dirishani mwanamke mmoja akapiga yowe la furaha. Sulueti alikuwa amekwisha simama, anaukunja. Akautupa mlangoni, ukaangukia nyasi.

"Mwizi!" akapiga kelele Taraivini, uso umemng'aa. "Mwizi wa milimani!"

"Na huu pia. Na huu. Hivi viti mnakalia nyinyi watu wa samaki? Lete hapa!"

Akatupa kiti, na cha pili. Wanawake nje wakavidaka, wanapiga makofi, wanamtukana kwa furaha, wanamwita mla vyura, mtoto wa mapango. Taa ikatoka. Pazia likatoka na fimbo yake. Nikasimama nimsaidie, akanisukuma: "Kaa chini, Mzee Majivu, huu ni wizi wa kitaalamu!" Sijui nani alikuwa amemwambia hilo jina. Taraivini alikuwa anacheka kwa tumbo zima, anajipiga mapajani, machozi yanamtoka, na redio ilipokuwa karibu kusahaulika aliinyanyua mwenyewe akamrushia.

"Umesahau hii, mwizi! Bibi yako hakukufundisha kuiba vizuri!"

Kitu cha mwisho kutoka kilikuwa birika. Halafu hakukuwa na cha kuchukua. Palibaki mkeka wenye tundu la sigara, sufuria, vikombe viwili na Biblia. Sulueti, anahema, vumbi na jasho usoni, akakaa juu ya mbao tupu, mbele ya Taraivini, akawasha tableti.

Hakuna aliyekuwa ameona aibu. Mwenye nyumba aliyeibiwa na mtani wake hana la kuficha, na mgeni aliyekaa kwenye mbao alikuwa amejitakia mwenyewe. Mimi na muhuri wangu tusingeliwaza jambo hilo hata kwa miaka kumi.

"Sasa, mtani," Sulueti akasema, "nimekumaliza. Niambie ukweli niandike. Umebaki na nini?"

Taraivini alikuwa bado anacheka. Alicheka mpaka pumzi ikamwishia, akajifuta kwa mgongo wa mkono, akatazama chumba kizima, ukuta hadi ukuta. Kisha akavuta gauni la Pasaka juu kidogo, akaunyoosha mguu mbele ya mgeni, na mfuko wake wa plastiki.

"Mguu mmoja na nusu," akasema. "Andika."

Sulueti akaandika. Akauliza habari ya samaki, na safari hii akaambiwa majani na chumvi. Akauliza yote thelathini na moja, na mashine ikatoa pointi tisa. Mbili chini ya zangu za kuku.

Alipokuwa anaondoka alinigeukia. "Na wewe mtani, sijakuibia kitu." Akaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa shati, akachukua muhuri. Nilicheka kama wengine, kwa sababu ukinuna mwenye kosa ni wewe. Sijaudai mpaka leo. Barua zangu sasa nazigonga kwa kidole gumba, na serikali haijaona tofauti.

Fedha ya kwanza ilifika kabla siku hazijaisha, na Taraivini akawahi boti ya mwisho wa mwezi. Vidole viwili vilikwenda, mguu ukabaki. Hupanda boti ya Jumanne kila baada ya wiki mbili, na akirudi hupita kwangu kwanza, amevaa viatu, na mkononi ana kopo la nyama au pakiti ya biskuti. Fedha ya mguu hakuna anayeiomba, tuliapa. Lakini hakuna aliyeapa kwamba yeye hataigawa.

"Hodi kwa Mzee Majivu! Nimekuletea sadaka."

"Mimi ni wastani, shemeji. Arobaini na tatu."

"Na viti vinne vya nani?"

Hilo ndilo nililokuwa sijalisema. Viti vile vinne ni vya kaka yake Losalini, ambaye yuko Suva na ataviuliza siku moja. Taa ya jua ni ya kanisa. Kitanda tulipewa tulipooana na bado tunasema tutakirudisha. Nimekwisha kufanya hesabu, bila mashine, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha huyo shemeji wa Suva, na sitakuambia nilipata pointi ngapi.

"Kula," Taraivini huniambia, anafungua kopo. "Ya maskini hii."

Na mimi huvuta sahani.